Nguvu ndogo, sikio kubwa: kupanga linki ya Wi-Fi ndani ya sheria ya masafa

Kwenye ukurasa wa redio wa ruta au kifaa cha mnarani kuna sehemu ya kuchagua nchi. Fundi mwenye haraka huiacha ilivyokuja. Mwingine huibadilisha makusudi: akiweka Marekani, au ile hali ya majaribio iliyotengenezwa kwa ajili ya maabara, orodha ya chaneli inarefuka na nguvu inapanda hadi mwisho wa kipimo. Linki, yaani mawasiliano ya redio kati ya ncha mbili, inasoma vizuri siku hiyo, fundi anashuka mnarani, kazi imeisha. Baada ya miezi miwili mteja analalamika kwamba mtandao unakatika mchana na kurudi usiku. Anayekuja kurekebisha anakuta mlingoti mmoja una vifaa sita, vyote vimepandishwa hadi mwisho, vyote vinapigiana kelele.

Sehemu ya nchi imebeba jedwali zima. Ndani yake kuna masafa yanayoruhusiwa, upana wa chaneli, nguvu ya juu kabisa, chaneli za ndani ya jengo tu, na chaneli ambazo kifaa lazima kisikilize rada kabla ya kurusha. Ukidanganya nchi, umebadilisha mambo hayo yote kwa mkupuo, hata yale ambayo hukuyafikiria. Kwa Tanzania andika TZ, Kenya KE, Uganda UG, Rwanda RW, Burundi BI, Kongo ya Kinshasa CD. Linki inayovuka mpaka, tuseme kutoka upande mmoja wa Namanga kwenda wa pili, kila ncha hufuata ardhi inayosimama juu yake, na ruhusa huombwa pande zote mbili kabla ya kupandisha chochote.

Mafunzo mengi ya video yametengenezwa Marekani, na hapo ndipo wengi wanapotelea. Kule, kwenye 5725 hadi 5850 MHz, linki ya sehemu moja kwenda sehemu moja inaruhusiwa kutoa wati 1 kwenye redio, kabla ya kuingia kwenye antena, bila kupunguza kwa sababu ya ukubwa wa sahani. Ulaya kwenye 5470 hadi 5725 MHz kikomo ni wati 1 ikiwa imeshajumlisha antena, tena kwa kifaa chenye uwezo wa kujipunguzia nguvu. Kisicho na uwezo huo hukatwa nusu. Mtu akinakili mipangilio ya Marekani neno kwa neno na kuipeleka kwenye bendi nyingine ya nchi nyingine, anaweza kuvuka kikomo mara mia kadhaa na asijue.

Hesabu yake ni nyepesi, na kila fundi anapaswa kuweza kuifanya kwa penseli akiwa chini ya mnara. Sheria nyingi hupima EIRP, yaani nguvu jinsi inavyotoka mbele ya antena. Chukua nguvu ya redio kwa dBm (kipimo ambacho 0 ni milliwati 1, kila 3 huongeza mara mbili na kila 10 mara kumi), toa upotevu wa kebo kwa dB, ongeza geini ya antena, yaani kiasi inachokusanya nguvu upande mmoja, kwa dBi. Redio ya 27 dBm, ambayo ni nusu wati, ikifungwa kwenye sahani ya 30 dBi inatoa 57 dBm. Hizo ni wati 500 mbele ya sahani. Umeme haujaongezeka, sahani imeukusanya upande mmoja kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga, na aliyesimama kwenye mwanga huo ndiye anayeumia.

Hesabu ifanye kinyumenyume. Anza na kikomo, rudi hadi kwenye redio. Kikomo kikiwa 30 dBm, yaani wati 1, antena ya sekta (inayofunika upande mmoja mpana) ni 16 dBi na kebo inapoteza 1 dB, redio inabaki na 30 − 16 + 1, yaani 15 dBm. Hiyo 1 dB ya kebo ni ya kweli: LMR-400 hupoteza karibu 35 dB kwa mita 100 kwenye 5.8 GHz, kwa hiyo mita 3 zinakula dB 1. Kebo nyembamba za rangi nyeusi zinazouzwa kwa mita bila jina hula zaidi, na upotevu wake hauna wa kukuambia.

Kuna mtego hapo. Antena za kisasa zina njia mbili, ya wima na ya mlalo, na kila njia ina kipaza nguvu chake. Njia mbili za 17 dBm kila moja ni 20 dBm kwa jumla. Vifaa vingine huonyesha nguvu ya njia moja, vingine jumla. Soma karatasi ya kifaa, la sivyo unaweza kuwa umezidi mara mbili huku ukurasa ukionyesha namba nzuri.

Mtego wa pili ni chaneli nyembamba. Wengi hushusha upana kuwa 10 au 5 MHz ili linki ishike vizuri, na ni mbinu nzuri. Lakini kanuni za Ulaya kwenye bendi hiyo ya 5470 zinahesabu pia nguvu kwa kila MHz: milliwati 50 kwa MHz 1. Kwenye 20 MHz inafika wati 1 kamili. Kwenye 10 MHz ni milliwati 500, sawa na 27 dBm. Kwenye 5 MHz ni 24 dBm tu. Upana ukipungua, nguvu nayo ishuke.

Sasa fundi atauliza: nikiwa na 30 dBm tu, nitafikaje? Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Kikomo kimewekwa kwenye mdomo. Sikio halina kikomo. Hakuna sheria ya EIRP inayozuia ukubwa wa antena inayopokea. Tuseme kuna kilomita 5 kati ya shule na kituo cha afya, masafa ni 5500 MHz. Njiani mawimbi hupoteza karibu 121 dB. Ukirusha 30 dBm na kupokea kwa sahani ya 25 dBi, unapata 30 − 121 + 25, yaani −66 dBm. Kwa chaneli ya 20 MHz kwenye hewa tulivu, hiyo ni ishara ya kazi kabisa. Sahani hiyo hiyo inarusha pia, kwa hiyo redio iweke 5 dBm kwa jumla ya njia zote. Watu huona namba 5 wakadhani wamekosea. Hawajakosea.

Sahani kubwa ina faida nyingine: haisikii kelele za pembeni, na wewe huwapigii kelele walio pembeni. Vifaa kumi mtaani vikipangwa hivyo, vyote vinasikilizana. Kimoja kikipandisha, jirani naye hupandisha, na wiki ya tatu kila mtu yuko mwisho wa kipimo na hakuna aliyepata kitu.

Kabla ya kugusa nguvu, maliza uelekezaji. Sahani ya 30 dBi ina mwali wa nyuzi kama 5 au 6 tu. Sahani hizi zina mwali mkuu na miali midogo ya pembeni, na ni rahisi sana kufunga boliti ukiwa kwenye mwali wa pembeni kwa sababu ishara pale nayo hupanda na kushuka ukigeuza. Hapo umeacha dB 15 au zaidi mezani. Dalili yake ni kwamba hesabu inasema −66 nawe unasoma −82. Geuza sahani polepole kushoto hadi kulia, uvuke vilele vyote, andika namba ya kila kilele, kisha rudi kwenye kilichozidi. Fanya ya juu na chini vivyo hivyo. Mmoja awe ncha hii, mwingine ncha ile, na ncha moja itulie wakati nyingine inageuzwa. Tofauti kati ya hesabu na usomaji ikibaki dB 3 hadi 5, funga boliti. Ikizidi hapo, kuna kitu: mti, kontena, ukuta, maji kwenye kiunganishi.

Miti nayo inataka nafasi. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji tumbo la hewa katikati ya njia. Kwa kilomita 5 kwenye 5.5 GHz tumbo hilo lina nusu kipenyo cha mita 8 hivi katikati, na asilimia 60 yake, karibu mita 5, iwe wazi. Mwembe ulioonekana chini ya mstari wakati wa kiangazi utakuwa ndani ya mstari baada ya masika mbili. Ongeza urefu wa mlingoti tangu mwanzo. Nguvu haitoboi majani mabichi.

Na kuna sababu ya kifundi ya kutopandisha nguvu hata pale sheria inaporuhusu. Kipaza cha redio kikisukumwa hadi mwisho huharibu umbo la mawimbi. Ndiyo maana karatasi ya kifaa huandika, kwa mfano, 27 dBm kwa kasi ya chini na namba ndogo zaidi kwa kasi ya juu. Linki iliyolazimishwa huonyesha ishara nzuri na kasi mbovu. Shusha dB 3 uone. Mara nyingi kasi hupanda.

Tuje kwenye rada, maana hapa uharibifu ni wa hatari kweli. Mwaka 2003, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva uliruhusu Wi-Fi kutumia 5150 hadi 5350 na 5470 hadi 5725 MHz. Rada zilikuwepo tayari kwenye sehemu ya bendi hizo. Sharti likawa kwamba kwenye 5250 hadi 5350 na 5470 hadi 5725 kifaa kisikilize kwanza, na kikisikia rada kihame. Kwenye ukurasa wa mipangilio sharti hilo limeandikwa kwa herufi tatu, DFS. Chaneli zake ni 52 hadi 64 na 100 hadi 140, na 144 kwa nchi zinazoifikisha huko.

Rada za hali ya hewa za bendi ya C hupenda 5600 hadi 5650 MHz, yaani eneo la chaneli 120, 124 na 128. Linki ya Wi-Fi ikirusha humo, mtabiri huona kwenye skrini mstari mrefu kama wa mvua kali unaoanzia kwenye rada na kuelekea upande wa mnara wako. Nyuma ya mstari huo haoni kitu. Mwaka 2009 rada inayolinda ndege dhidi ya pepo za ghafla karibu na uwanja wa San Juan, Puerto Rico, ilikutwa ikiingiliwa na vifaa vya 5 GHz vya nje, na baadaye watoa huduma ya intaneti walipigwa faini. Marekani ilitoa maelekezo kwamba kifaa cha nje kilicho ndani ya kilomita 35 za rada ya namna hiyo kikae angalau MHz 30 mbali na masafa yake. Tanzania ina rada za hali ya hewa, zikiwemo za Dar es Salaam na Mwanza. Usikisie rada ya karibu nawe inatumia masafa gani, maana nyingine ziko bendi tofauti kabisa, uliza. Mvuvi wa Ziwa Victoria anayesubiri taarifa ya upepo hajui jina la kifaa chako, lakini taarifa yake inaweza kupita mikononi mwako.

Upana wa chaneli ndio unaowatoa watu nje ya mstari bila kujua. Unachagua chaneli 116, iliyo 5580 MHz, ukidhani uko mbali na rada. Ukiweka 80 MHz, chaneli yako inaanzia 5570 na kuishia 5650. Umefunika eneo lote la rada za hali ya hewa. Piga mstari kwenye karatasi, weka mwanzo na mwisho wa chaneli, usitazame katikati peke yake.

DFS ikiwashwa, tabia ya kifaa hubadilika, na wengi huizima kwa kutoielewa. Baada ya kuwaka, kifaa hukaa kimya kikisikiliza sekunde 60. Kwa kanuni za Ulaya, chaneli inayogusa 5600 hadi 5650 hutaka dakika 10. Wakati huo Wi-Fi haionekani kabisa. Fundi anadhani kifaa kimekufa, anakizima na kukiwasha, saa inaanza upya, na anaweza kuzunguka hapo nusu siku. Kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, fungua kumbukumbu kwa `logread -f` utaona mstari kama huu:

`DFS-CAC-START freq=5260 chan=52 ... cac_time=60s`

Subiri hadi usome `DFS-CAC-COMPLETED success=1`. Ukisoma `DFS-RADAR-DETECTED`, kifaa kimesikia mapigo ya rada. Kitahama ndani ya sekunde 10 na hakitarudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Kikitokea mara moja kwa mwezi, acha kifanye kazi yake. Kikitokea kila saa, hama chaneli hiyo kabisa. Kikitokea tu pale kifaa kingine cha mlingoti huo huo kinapofanya kazi nzito, yawezekana ni jirani yake anayemtia kiwewe: viachanishe kwa angalau mita 1 ya wima, peleka masafa yao mbali, kisha angalia tena kumbukumbu.

Kwa mazingira yetu ya umeme kukatika, DFS inadai betri. Kila umeme ukirudi, kusikiliza kunaanza upya. Kifaa cha mnarani kinachokula wati 8 kikiwekewa betri ndogo na chaja kwenye mstari wake wa PoE (umeme unaopita ndani ya kebo ya mtandao), kukatika kwa dakika tano hakutakugharimu kitu. Bila betri, mgao wa umeme unageuka kuwa malalamiko ya mtandao, na hapo ndipo mtu hushawishika kuzima DFS. Kumbuka pia kwamba kwa kanuni za Ulaya, ncha ya pili nayo, ikirusha milliwati 200 au zaidi, lazima iweze kusikia rada yenyewe.

Kuweka mipangilio yenyewe ni kazi fupi. Kwenye OpenWrt:

`uci set wireless.radio0.country='TZ'`
`uci set wireless.radio0.txpower='5'`
`uci commit wireless`
`wifi reload`

Halafu hakikisha kwa `iw reg get` na `iw phy phy0 channels`. Ya kwanza inaonyesha jedwali la nchi lililopakiwa, na mabano ya nguvu humo ndicho kikomo chako. Ya pili inaonyesha chaneli moja moja, zipi zimezimwa na zipi zinataka kusikiliza rada. OpenWrt haijui umefunga antena gani, kwa hiyo kutoa geini ni kazi yako. Chaneli zikipotea ambazo jedwali la TZ linaziruhusu, angalia kadi ya redio: baadhi ya kadi zina nchi iliyochomwa kiwandani, na mfumo huchukua zile tu zinazokubaliwa na pande zote mbili.

Kwenye MikroTik zenye kifurushi cha zamani cha redio:

`/interface wireless set wlan1 country=tanzania frequency-mode=regulatory-domain antenna-gain=25 installation=outdoor`

Hapo `antenna-gain` ndiyo inayofanya ile hesabu kwa niaba yako. Ukiiacha 0 huku umefunga sahani ya 25 dBi, kifaa kinaamini hakuna antena na kinaweza kutoa hadi dB 25 za ziada. `frequency-mode=superchannel` hufungua kila kitu ambacho kadi inaweza; ukiikuta kwenye mnara wa mteja, kazi ya kwanza ni kuiondoa. Orodha ya nchi itazame kwa `/interface wireless info country-info tanzania`, kisha uilinganishe na kanuni za sasa, kwa sababu jedwali la kiwandani linaweza kubaki nyuma ya kanuni.

Vifaa vinavyoletwa kutoka Dubai na kuuzwa Kariakoo vikague kabla ya kulipa. Geuza boksi usome namba ya modeli. Ikiishia na US, mara nyingi kimefungwa kiwandani: MikroTik za namna hiyo hubaki 2412 hadi 2462, 5170 hadi 5250 na 5725 hadi 5835 MHz, na hakuna mipangilio itakayobadilisha. Uliza pia kama modeli imeidhinishwa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, au na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikiwa ni Kenya.

Kwa 2.4 GHz maneno machache yanatosha: chaneli 1, 6 na 11, upana wa 20 MHz, basi. Chaneli 13 inaruhusiwa kwa nchi nyingi, lakini simu na kompyuta nyingi za Marekani haziioni, na hoteli ya Nungwi itapata mgeni anayeapa kwamba hakuna Wi-Fi chumbani. Vifaa vyote vya jengo moja vitangaze nchi ile ile. Kimoja kikisema US na kingine TZ, kompyuta ya mgeni hupata taarifa zinazopingana na huanza kuruka chaneli.

Bendi hizi ni za pamoja. Ukiingiliwa na mwenzako huna wa kumshtaki; ukimwingilia mwenye haki ya masafa, unazima. Kuuza intaneti kwa wengine ni jambo lingine linalohitaji leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, hata kama masafa yenyewe hayakulipiwa. Nenda TCRA na mchoro wa linki: mahali pa kila ncha, urefu wa mlingoti, masafa, upana, geini ya antena, EIRP. Ukifika na namba hizo sita, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Namba hizo hizo ziandike kwenye karatasi, uifunike kwa plastiki na kuibandika ndani ya mlango wa boksi la mlingoti, pamoja na tarehe na ishara iliyosomwa siku hiyo. Kila baada ya kusasisha programu ya kifaa, au mtu kubonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, fungua `iw reg get` tena. Mara nyingi utakuta imeandikwa `country 00`, yaani jedwali la jumla lisilo la nchi yoyote, na nguvu uliyoipanga haipo tena.